Kahawa ya Kijiji Kimoja: uchambuzi wa kisa cha chapa na msimu wa Desemba, Moshi

Kisa hiki kilitokea Moshi, katika biashara ndogo ya kukaanga na kufungasha kahawa. Jina la biashara, la kijiji na la maduka nimeyaondoa, na mwaka sitautaja. Hata idadi ya magunia nimeiacha, kwa sababu wanaoifahamu kahawa ya mlimani wangemtambua mhusika kwa hesabu hiyo peke yake. Mwenye biashara ameridhia kisa chake kifundishiwe wajasiriamali wengine, nami namshukuru, kwani si wengi wanaokubali.

Usuli

Mama huyu alianza kwa kukaangia kahawa jikoni kwake na kuwauzia majirani. Baadaye alihudhuria mafunzo ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, akanunua mashine ndogo ya kukaangia na nyingine ya kusagia, akapata alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, na akaingiza bidhaa yake madukani. Kufika hapo kulimchukua miaka.

Rafu za kahawa za Moshi zimejaa picha za mlima: Kibo yenye theluji, tembo mbele yake, pengine na mti wa mgunga. Mama aliona kwamba mlima hauwezi kumtofautisha na mtu yeyote, akaamua kuuza kijiji. Mfuko wake ulibeba jina la kijiji kimoja cha ukanda wa juu, na chini yake mstari mmoja: "Arabika ya vihamba vya kijiji kimoja." Vihamba ni mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba huko mlimani. Nyuma ya mfuko palikuwa na maelezo mafupi ya jinsi wakulima wanavyochuma kwa mkono na kunywesha miche kwa maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili, migomba ikiwa juu na mibuni kivulini. Kila neno lilikuwa kweli. Kahawa aliipata kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa kijiji hicho, kwa taratibu za Bodi ya Kahawa, na viongozi wake walimfahamu kwa sura.

Wazo hilo lilikuwa na mizizi. Kahawa ilifikishwa Kilema na wamisionari Wakatoliki mwaka 1898. Wakulima wa mlimani walikuwa na chama chao mwaka 1925, na kufikia 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro. Hawa ni watu waliojipanga kulinda zao lao kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na wanajua uzito wa jina la mahali kwenye gunia.

Wateja wake walifuata majira. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni wapanda mlima, wanaonunua mifuko miwili mitatu hotelini siku ya kuondoka. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi mji hujaa wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon. Masika hali huwa kimya. Ila msimu unaobeba mwaka mzima ni Desemba, watu wanaporudi nyumbani.

Asiyeijua Desemba ya Moshi lazima aelezwe, maana kisa chote kimo humo. Kuanzia katikati ya mwezi, mabasi kutoka Dar es Salaam hujaa hadi yakaongezwa, na tangu Desemba 2019 treni ya abiria nayo imerudi. Watu hupanda Marangu, Machame, Kibosho, Uru, Rombo. Kuna vikao vya ukoo, kipaimara, harusi, ndafu na mbege. Kisha baada ya mwaka mpya buti za magari hujazwa tena kurudi mjini: ndizi mshare za mtori, maparachichi, maziwa mgando, na kahawa.

Wengi wanaoibeba hiyo kahawa ni wanywaji wa chai. Wananunua kwa ajili ya bosi, jirani wa Mbezi, au mwalimu wa mtoto, na wakiitoa husema, "Hii ni ya kwetu." Mama alilitambua hilo mapema. Mfuko wake wa gramu 250 na kikapu kidogo cha mifuko mitatu alivibuni kwa ajili ya mkono unaotoa zawadi. Katika hilo alikuwa hodari kuliko washindani wake wengi.

Mzigo unapungua, oda zinaongezeka

Mwaka wa kisa ulikuwa mwepesi. Mibuni ya arabika ikizaa sana msimu mmoja, msimu unaofuata aghalabu hupumzika, na mwaka huo mvua nazo zilikuwa za wasiwasi. Mavuno ya Kilimanjaro kwa kawaida huanza Julai na kuweza kufika Desemba, lakini safari hiyo AMCOS ilimaliza kukusanya kabla Novemba haijaisha. Mzigo wa mama ungemfikisha katikati ya Desemba tu.

Oda nazo zilikuwa nyingi kuliko mwaka wowote: supamaketi mbili mjini, duka karibu na stendi, hoteli moja, na ujumbe wa WhatsApp kutoka Dar kila siku. Kwa maneno mengine, chapa ilikuwa imefanikiwa.

Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Walikaa watatu: mama, binti anayesimamia ukaangaji, na kijana wa mauzo. Njia ya kwanza ilikuwa kutangaza kwamba kahawa imekwisha. Supamaketi moja ilikuwa imeshaonya kuwa nafasi ikikaa tupu wiki ya Krismasi itapewa mwingine, na wafanyakazi walikuwa wanategemea malipo ya Desemba kwa ada za Januari. Njia hiyo ikaachwa. Ya pili ilikuwa kupandisha bei. Mama aliikataa kwa kuwa watu waliorudi nyumbani hukaa wakizungumza, na bei ya Krismasi huzungumzwa hadi Pasaka.

Ya tatu ilikuwa robusta ya Kagera, aina nyingine ya kahawa iliyo na bei nafuu. Hii hakutaka hata kuijadili. Robusta ina kafeini inayokaribia mara mbili ya arabika, uchungu wake ni mkali zaidi, na mnywaji mzoefu angeitambua kwa funda la kwanza.

Ndipo ikaja ya nne. Mfanyabiashara mmoja mwenye leseni alikuwa na arabika ya Mbozi, kusini-magharibi mwa nchi, nzuri, imeshakobolewa, iko Moshi. Waliikaanga kidogo, wakaionja, wakamwonjesha na mtu anayefanya kazi ya kuonja kahawa. Wakachanganya nusu kwa nusu. Ladha ilikuwa safi, na nimeambiwa na zaidi ya mmoja kwamba ilikuwa afadhali kidogo kuliko ya kijiji peke yake mwaka ule. Naamini.

Kikao kiliteleza kwenye suala la mfuko. Mifuko ilikuwa imechapishwa jina la kijiji, mingi, kwa sababu mchapaji hakubali oda ndogo. Mipya ingefika Januari. Binti wa ukaangaji alisema stika ingeweza kuchapwa mjini kwa siku moja, iandikwe "kijiji na Mbozi", ibandikwe mbele. Kijana wa mauzo akajibu kwamba stika itachafua mfuko na wateja wa zawadi hawatautaka. Mama akanyamaza. Mazungumzo yakahamia kwenye usafiri, na hakuna aliyeandika kwamba uamuzi umefanyika.

Nimeuliza sana kuhusu dakika hizo. Hakuna aliyesema "tudanganye." Walichofanya ni kuzungumzia ladha kwa kirefu na maneno ya kwenye mfuko kwa ufupi, wakaamini kwamba kahawa ikiwa nzuri, kizuri chajiuza.

Swali la mzee

Desemba ilipita vizuri. Rafu hazikukauka, malipo yalitoka.

Siku chache baada ya Krismasi, mzee mmoja wa kijiji kile alionyeshwa na mwanawe mifuko aliyonunua mjini kupeleka ofisini Dar. Kijana alikuwa na fahari: jina la kijiji chao, kwenye mfuko unaong'aa. Mzee ni mjumbe wa bodi ya AMCOS, na ujanani alifanya kazi kiwanda cha kukoboa kahawa. Akatazama tarehe ya kukaangwa. Akauliza mifuko kama hiyo iko mingi huko mjini. Akaambiwa imejaa.

Kahawa ikikaangwa hupoteza takribani asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Gunia la kilo 60 hubakia kama kilo 50, yaani mifuko 200 hivi ya robo kilo. Mzee alijua magunia waliyomuuzia mama, kwani karatasi zilipita mikononi mwake. Alishuka mjini, akaingia maduka matatu, akahesabu kwa macho. Kisha akaenda kiwandani kwa mama.

"Mwanangu, hii kahawa umeitoa wapi?"

Mama hakujibu. Alijibu kijana wa mauzo: "Mzee, hata Japani kahawa ya Mbozi inaitwa Kilimanjaro."

Hilo ni kweli. Kanuni zinazotumika Japani kuhusu lebo za kahawa zinalihesabu jina Kilimanjaro kuwa ni arabika ya Tanzania isipokuwa ya Bukoba, na mchanganyiko unaweza kubeba jina hilo ikiwa kahawa hiyo imefikia asilimia 30. Kijana alikuwa amejiandaa.

Mzee akamjibu: "Hapa hamkuandika Kilimanjaro. Mmetuandika sisi."

Kabla mzee hajarudi nyumbani, mwanawe alikuwa amekwisha kuandika kwenye kundi la ukoo. Mtu akaongeza neno "imechakachuliwa", na kutoka hapo habari ikaingia makundi ya watu wa kijiji waishio Dar. Wengi walikasirika. Wachache walitaka pesa. Ujumbe uliomfanya mama anipigie simu ulitoka kwa dada mmoja mfanyakazi wa benki. Alikuwa amekwisha kumpa bosi wake kikapu cha mifuko mitatu, akamwambia huenda hata buni za mama yake zimo humo. Hakuomba arudishiwe kitu. Aliandika: "Sasa mimi nimwambie nini?"

Uamuzi wa pili

Mama alikuwa na watu wa kumshauri anyamaze hadi Januari iishe, kwa hoja kwamba kahawa ilikuwa arabika, haikumdhuru mtu, na alama ya TBS ilikuwa halali. Alisita usiku mmoja. Asubuhi aliamua kusema yote, na sababu aliyonipa ilikuwa ni ule ujumbe wa dada wa benki.

Alifuata mpangilio huu. Kwanza alipanda kijijini kabla ya kutangaza lolote mjini, ili wakulima wasisikie habari zao kwenye simu. Alikwenda na shemeji yake mkubwa, na walibeba jani la isale, ambalo kwa Wachagga hupelekwa na anayeomba msamaha, na ni vigumu kwa mpelekewa kulikataa. Walipokelewa. Kisha akaondoa mifuko madukani, iliyobaki ikabandikwa stika ya mchanganyiko, ikapunguzwa bei. Mwisho akatuma ujumbe wa maandishi kwa jina lake mwenyewe, akitaja tarehe ya kukaangwa ambapo mchanganyiko ulianza, Mbozi, nusu kwa nusu, na kwamba aliyenunua atarudishiwa fedha hata kama mfuko ameshaugawa.

Kijana wa mauzo alitaka ujumbe useme "kutokana na changamoto za msimu." Mama aliyakata maneno hayo. Alifanya vema, kwani msimu haukubandika lebo.

Matokeo

Supamaketi moja ilimwondoa, na hadi leo hajarudi. Hoteli ilibaki: meneja alipewa taarifa kabla hajaisikia kwingine, na alichotaka ni ladha isiyobadilika na risiti. Waliodai fedha walikuwa wachache kuliko alivyohofia. Lakini oda za WhatsApp za Dar zilikauka, na Pasaka, ambayo nayo huleta watu nyumbani ingawa si kama Desemba, ilipita bila kikapu hata kimoja kuulizwa.

Desemba iliyofuata aliingia na bidhaa mbili. Ya kwanza kahawa ya kijiji peke yake, kila mfuko una stika ya bechi, yaani mkupuo mmoja wa kukaanga, tarehe, na idadi ya mifuko iliyotoka katika bechi hiyo. Ya pili mchanganyiko ulioandikwa wazi mbele, majina ya sehemu zote mbili, bei ya chini. Ya kijiji iliisha kabla ya Krismasi, na safari hii alibandika tangazo kwamba imekwisha. Mchanganyiko, kwa zawadi, haukuuzika. Watu waliushika, wakausoma, wakaurudisha. Uliuzika Februari kwa migahawa na nyumba za wageni.

Uchambuzi

Mahesabu ya kawaida ya biashara yangesema mteja amenunua kahawa, kahawa ilikuwa nzuri, basi hasara yake ni ndogo. Mahesabu hayo hayamwoni dada wa benki. Anayejinunulia kahawa ya kunywa huihukumu kwa ulimi wake. Anayenunua zawadi ya "kwetu" hukopesha chapa jina lake: anasimama mbele ya mtu anayemheshimu na kusema maneno yaliyoandikwa kwenye mfuko kama yake. Lebo ikiwa ya uongo, yeye ndiye aliyesema uongo, tena bila kujua. Pesa hairudishi hilo, na ndiyo maana wengi hawakuidai. Walichofanya ni kutotoa tena jina lao.

Kwa hiyo msimu wa zawadi unaifanya lebo iwe nzito zaidi, katika wiki zilezile ambazo muuzaji amebanwa kuliko wakati wowote: mzigo umepungua, maduka yanatishia, wafanyakazi wanasubiri. Nimeona jambo hili kwa wafungashaji wa asali, wa unga wa lishe, na wa mvinyo wa ndizi. Maamuzi ya maadili ya Desemba yanapaswa kufanywa Septemba, yakaandikwa: kahawa ikiisha tutafanya nini, nani atasema, stika iko wapi. Kikao cha mama kilikuwa na jibu sahihi mezani, limetolewa na binti wa ukaangaji, likapotea kwa sababu hakukuwa na utaratibu wa kulishika.

Mfuko wenyewe ulichangia zaidi ya watu wanavyodhani. Kuchapa jina la kijiji juu ya maelfu ya mifuko ni kuahidi jambo ambalo mvua na mibuni haviwezi kuahidi. Sasa mifuko yake ina jina la biashara tu, na asili ya kahawa huja na stika ya kila bechi. Ni badiliko dogo na la bei nafuu, na ningelipendekeza kwa kila anayeuza zao la sehemu moja.

Kuhusu sheria, waliomshauri anyamaze walikosea. Sheria ya Ushindani wa Haki ya mwaka 2003 inakataza kuwapotosha walaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inagusa maelezo ya uongo juu ya bidhaa, pamoja na inakotoka. Alama ya TBS husema bidhaa imekidhi kiwango chake. Haisemi buni zimechumwa kwa nani. Wateja wengi huichukulia kama dhamana ya kila neno lililo kwenye mfuko, na muuzaji asiitumie imani hiyo kujificha.

Hoja ya Japani nayo haisimami hapa. Jina linaweza kuwa pana sokoni kule na bado likawa jembamba huku, kutegemea nani analisoma. Mtalii akisoma jina la kijiji husoma mahali penye mandhari. Mtu wa kijiji hicho husoma kihamba cha baba yake, na pengine makaburi ya wazee wake yaliyomo. Wote ni wateja wa mfuko uleule, na muuzaji anawajibika kwa msomaji anayeelewa zaidi.

Kilichofanya kazi ni mpangilio wa kuomba radhi, kuanzia kwa wenye jina, na ujumbe wenye tarehe na vipimo. Kilichoshindikana ni kudhani msamaha wa kijiji ungewafikia na wateja wa Dar. Isale ilipokelewa mlimani siku ileile, lakini huko mjini iliwachukua watu mwaka mzima kurudi, na wengine hawajarudi.

Na siku ile kijijini, baada ya isale kupokelewa, mwenyekiti wa AMCOS aliuliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kama jina la kijiji ndilo linalouza mfuko, kijiji kinapata nini kwa jina hilo, mbali na bei ya kahawa? Mama hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo. Chapa yake ilikuwa imejengwa juu ya watu ambao hawakuwahi kuulizwa. Wamekwisha kukutana mara kadhaa tangu hapo. AMCOS inataka kiasi fulani kwa kila mfuko unaobeba jina lake, kiingie kwenye fungu la fedha za miche, na inataka iwe na haki ya kukagua daftari la bechi kila mwisho wa msimu. Daftari mama ameshalikubali. Kiasi bado wanabishania.